SHULE IMEFUNGWA, HISTORIA YAKE ISIPOTEE
Somo kwa vikundi vya kujisaidia



Masomo yetu mengi huwa ni juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Leo somo ni la namna nyingine, lakini nalo ni kazi ya maendeleo, na mtaona ni kwa nini.

Karibu kila pahali ninapotembelea vikundi, ninaonyeshwa uwanja au kuta na kuambiwa, "Hapo ndipo palikuwa sekondari yetu ya Harambee." Saa ingine paa limeenda na majani yameota ndani ya darasa. Saa ingine majengo yapo, lakini sasa ni ya shule ya msingi, au ya mafunzo ya ufundi, au ni stoo ya mahindi. Nikiuliza ilianza mwaka gani, najibiwa, "Zamani, wakati wa Mzee." Nikiuliza ni nani alitoa shamba, hapo maneno yanaanza kugongana.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili, kikundi kiweze:
1. Kueleza kwa nini historia ya shule iliyofungwa ni mali ya kijiji.
2. Kukusanya kumbukumbu za watu, karatasi na picha bila kuziharibu na bila kuwaaibisha watu.
3. Kuweka kumbukumbu hizo pahali ambapo hazitapotea na mtu mmoja.

Vifaa: daftari lenye jalada gumu, kalamu ya wino, penseli, bahasha, na simu moja yenye kamera. Muda: mikutano miwili au mitatu.

KISA

Sitataja kijiji wala shule. Wenyewe wakisoma watajijua, na waliniruhusu nieleze.

Shule yao ilijengwa miaka ya 1970. Kila boma lilitoa pesa, na wasio na pesa walibeba mawe na mchanga kutoka mtoni. Ilisomesha watoto wao kwa miaka mingi. Baadaye shule iliyosaidiwa na serikali ilipanuliwa karibu nao, karo ikawa ngumu kulipwa, wanafunzi wakapungua, na mwishowe milango ikafungwa. Ua ulianguka. Mabati yalianza kutoka moja moja usiku.

Basi siku moja watu waliamka wakakuta vigingi vya kupima mipaka vimepigwa uwanjani. Chifu akaita baraza. Swali lilikuwa moja tu: shamba hili lilitolewa na nani, na lilitolewa kabisa au liliazimwa? Wazee wanne walisimama, na majibu yakawa manne. Mmoja alisema ukoo uliazima tu. Mwingine alisema lilinunuliwa. Karani wa kamati ya zamani alikuwa amekufa, na watu wake walipohamia nyumba mpya vitabu vyake viliwashiwa moto jikoni. Hawakufanya kwa ubaya. Nani alikuwa amewaambia kwamba zile karatasi kuukuu ni kitu?

Hapo nyanya mmoja akanyosha mkono. Chifu akamwambia, "Ngoja kwanza Nyanya, tumalize na wazee." Yeye hakungoja. Alienda kwake polepole, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na risiti za mchango, zimekunjwa ndani ya kitambaa, na picha moja ya wanafunzi wakiwa wamesimama mbele ya mti wa mugumo. Nyuma ya picha mliandikwa mwaka. Risiti zilisema wazi kwamba pesa ni za kununua sehemu ya chini ya shamba. Na kile kisiki cha mugumo bado kilikuwepo, kwa hivyo mpaka wa sehemu ile ulijulikana.

Sehemu ya chini ilibaki ya kijiji. Lakini sehemu ya juu, kwenye uwanja wa mpira, haikuwa na karatasi wala shahidi aliyekubaliwa na wote. Ile walipoteza.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe. Miaka miwili kabla ya baraza hilo, mimi ndiye niliyeitisha mkutano katika kijiji hicho hicho wa kuandika historia ya shule. Niliwaalika walimu wa zamani na wanakamati. Tuliandika majina ya wakuu wa shule kwa mfuatano, tukala, tukaenda nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Yule nyanya alikuwepo siku hiyo. Alikuwa jikoni akitupikia chai. Baada ya baraza nilimuuliza kwa nini hakutuambia juu ya ule mkebe. Alinijibu, "Mlikuwa mnaongea na walimu. Mimi sikuulizwa."

MASWALI YA KUJADILI

Mjigawe katika makundi madogo ya watu watano watano. Wazee, vijana, akina mama, wote wachanganyike.
1. Umeona nini katika kisa hiki?
2. Kwa nini karatasi za karani zilichomwa?
3. Je, jambo kama hili linaweza kutokea kwetu? Juu ya shule, zahanati, au bwawa?
4. Ni nani hapa kwetu ana "mkebe", na hajawahi kuulizwa?

Mkimaliza, kila kundi lieleze majibu yake kwa wote. Halafu endeleeni.

SHULE HIZI ZILITOKA WAPI?

Vijana wengi hudhani shule ni kitu cha serikali kuleta. Wazee wanajua sivyo.

Wananchi wa Kenya walianza kujijengea shule kabla ya Uhuru. Mwaka 1929 palitokea mgogoro mkubwa kati ya misheni na Wakikuyu wengi juu ya tohara ya wasichana, na baada yake wazazi wengi walianzisha shule zao huru. Shule hizo zilihitaji walimu. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza, alifungua chuo cha walimu pale Githunguri, Kiambu. Pesa zilitoka kwa wananchi wenyewe, wakichanga kwa marika yao. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga na kazi hiyo, na baadaye akawa mkuu wa chuo.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Chuo cha Githunguri kilifungwa pamoja na shule huru nyingi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alikuwa mtoto wa shule wakati huo, ameeleza katika kitabu chake Dreams in a Time of War, kilichotoka mwaka 2010, jinsi pahali pale pa masomo palivyogeuzwa kambi ya gereza na ya kunyongea watu. Koinange naye aliandika habari za Githunguri katika kitabu alichotoa mwaka 1955.

Angalieni jambo hili. Serikali ile ilikuwa na nguvu za kufunga chuo na kugeuza majengo yake. Lakini leo mtoto anaweza kujua kilichofanyika Githunguri, kwa sababu waliokuwepo waliandika. Kama wangenyamaza, tungebaki na maandishi ya waliokifunga peke yao.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, Mzee Kenyatta alitoa mwito wa Harambee, na vijiji vikaingia kazini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, sekondari zilizojengwa na kuendeshwa na wananchi zilikuwa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na serikali. Nyingi zilichukuliwa na serikali baadaye na ziko hata leo kwa jina lingine. Zingine ziliunganishwa na jirani, na zingine zilikufa kimya kimya. Zile zilizosimama zina ofisi na kabati la faili. Zile zilizokufa hazina ofisi. Ofisi yao ni sisi.

KWA NINI TUANDIKE?

Kwanza, ni ushahidi wa mali. Shamba la umma lisilo na habari zake linanyakuliwa kwa urahisi.

Pili, ni haki ya watu. Wako waliosoma pale ambao bado wanahitaji kuonyesha kwamba walisoma. Wengine vyeti vyao vya mtihani vilibaki kwa mwalimu mkuu kwa sababu ya deni la karo, na shule ikafungwa vikiwa ndani.

Tatu, ni mafunzo. Kijiji kilichowahi kujenga sekondari kwa mikono yake kinaweza kujenga tangi la maji. Na ikiwa shule ilikufa kwa sababu pesa zililiwa au kamati iligombana, hilo pia tulijue, tusilirudie katika mradi wa sasa.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Anzeni na waliotoa jasho.
Andikeni orodha ya watu wa kuulizwa. Walimu wawemo, lakini si wao peke yao. Mtafuteni aliyepika githeri ya wanafunzi, mlinzi wa usiku, fundi aliyepiga mawe, mama aliyeuza mandazi langoni, dereva aliyeleta mchanga, na mwanafunzi aliyefukuzwa kwa karo asirudi tena. Wenye umri mkubwa au wagonjwa watangulie. Mzee akituacha, hatutamuuliza tena.

Hatua ya 2: Ulizeni vizuri.
Mkimwambia mtu, "Tuambie historia ya shule," atawapa maneno matatu kisha anyamaze. Muulizeni mambo anayoweza kuyaona machoni mwake: Siku ya kwanza ulibeba nini? Kengele ilikuwa kitu gani? Mlikaa juu ya nini kabla ya madawati? Maji yalitoka wapi? Jumapili mlifanya nini? Ni nani alilipa karo yako, na aliuza nini? Siku ya mwisho ya shule ulikuwa wapi?

Waendeni nyumbani kwao, wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Aongee lugha anayoiweza vizuri, hata kama si Kiswahili, nanyi mwandike kwa lugha hiyo hiyo. Mkirekodi kwa simu, ombeni ruhusa kwanza. Anzeni kwa kutaja jina lake, tarehe na pahali mlipo.

Wazee wawili wakitofautiana, msipige kura. Andikeni maneno ya huyu na maneno ya yule, kila moja na jina la msemaji. Karatasi ikipatikana kesho, itaonyesha ukweli uko wapi.

Hatua ya 3: Tafuteni mwaka kwa kutumia matukio.
Watu husahau miaka, lakini hawasahau mambo makubwa. Ulizeni, "Ilikuwa kabla au baada ya...?" Haya yatawasaidia:
- Uhuru: 12 Desemba 1963
- Kuuawa kwa Tom Mboya: 5 Julai 1969
- Kupatwa kwa jua: 30 Juni 1973
- Kifo cha Mzee Kenyatta: 22 Agosti 1978
- Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipokuja Kenya mara ya kwanza: Mei 1980
- Jaribio la kupindua serikali: 1 Agosti 1982
- Ile njaa kubwa: 1984
- Saba Saba: 7 Julai 1990
- Uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi: Desemba 1992

Mitihani pia ni kalenda nzuri. Aliyemaliza Form Four kwa KCE alifanya hivyo kati ya 1980 na 1987. Waliotangulia walifanya mtihani wa Afrika Mashariki, na waliotangulia hao walifanya wa Cambridge. Wa kwanza kufanya KCSE walifanya mwaka 1989. Kwa shule ya msingi, KCPE ilianza 1985, na ya mwisho ilikuwa 2023. Tayari wako watoto wasiojua CPE ilikuwa nini!

Hatua ya 4: Karatasi na picha.
Tafuteni risiti za mchango, vitabu vya kumbukumbu za mikutano, rejista za wanafunzi, ripoti za mwisho wa muhula, barua za kuitwa shule, beji, tai, vikombe vya michezo na picha. Wekeni kanuni hizi:
- Kitu kibaki kwa mwenyewe. Kikundi kipige picha kwa simu na kurudisha siku hiyo hiyo. Watu wengi huficha vitu kwa sababu waliwahi kuazimwa picha isirudi.
- Pigeni picha mchana, karibu na dirisha au nje kwenye kivuli, bila taa ya simu. Pigeni mbele na nyuma, maana mara nyingi maandishi ya maana yako nyuma.
- Ulizeni majina ya waliomo kwenye picha, kutoka kushoto kwenda kulia, safu kwa safu. Andikeni pia jina la mpiga picha kama linajulikana.
- Mkiandika nyuma ya picha tumieni penseli polepole. Wino hupenya na kuharibu uso.
- Msibandike karatasi iliyoraruka kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Iwekeni tu ndani ya bahasha safi.
- Ondoeni pini na klipu zilizoshika kutu. Karatasi zisikae sakafuni wala zisiguse ukuta: mchwa na unyevu havina huruma. Sanduku la bati juu ya mawe au rafu lafaa.

Mkikuta vyeti vya mtihani vya watu wengine, msivigawe wala kuviweka kwenu. Andikeni orodha mbele ya mashahidi na mvipeleke kwa ofisi ya elimu, kisha mtangaze barazani na kanisani kwamba wenyewe wavifuate huko.

Hatua ya 5: Bisheni hodi ofisini.
Nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuuliza kama rejista na faili za shule zililetwa huko ilipofungwa. Nendeni ofisi ya ardhi na namba ya shamba, mfanye utafutaji rasmi, au kama tunavyosema, sachi. Mtajua shamba limeandikwa kwa jina la nani, na ni afadhali kulijua kabla ya vigingi. Kama shule ilianzishwa na misheni, ulizeni parokiani. Wamisionari waliandika na kupiga picha, kwa mfano Wakonsolata waliofika mwaka 1902, na vitu vyao vingine vilipelekwa kwenye nyumba zao Ulaya. Padre anaweza kuwaandikia barua. Mwisho, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1965, iko Nairobi mjini. Humo mna ripoti za wilaya za wakati wa ukoloni, na mara nyingi shule hutajwa. Mwananchi yeyote anaweza kuomba kusoma.

Hatua ya 6: Chungeni heshima za watu.
Katika shule yoyote mna mambo machungu. Wasichana walipata mimba wakafukuzwa. Kulikuwa na migomo. Kuna walimu waliowakosea watoto. Msifiche kwamba mambo hayo yalikuwepo, lakini msiandike jina la mtu aliyeumizwa isipokuwa yeye mwenyewe akubali. Alama za mtihani na deni la karo la mtu zisisambazwe kwa simu. Sheria ya kulinda habari za watu binafsi imekuwepo Kenya tangu 2019, na hata bila sheria, jirani ni jirani. Mtu akisema, "Hili ni lako tu, usiliandike," wekeni kalamu chini.

Hatua ya 7: Nakala tatu, pahali patatu.
Andikeni yote kwa daftari moja kwa wino, kila ukurasa na namba yake. Kisha mtoe nakala. Moja ikae kwa karani wa kikundi, moja kwa shule iliyo karibu au parokia, na moja kwa mtu wa kijiji anayekaa mbali. Picha za simu ziwekwe kwenye flashi mbili, kila moja pahali pake, kwa sababu simu ikianguka chooni historia yote imeenda nayo. Kila mwaka, kwenye mkutano mkuu, karani aonyeshe daftari kama vile mweka hazina anavyoonyesha kitabu cha benki. Karani akibadilishwa, daftari likabidhiwe mbele ya wote.

Mkishakuwa na kitu cha kusoma, iteni mkutano wa kijiji na mkisome kwa sauti. Watu watawasahihisha. Mtasikia, "La, huyo hakuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa wa sayansi!" Hayo masahihisho ni mali, yaandikeni. Na siku hiyo, tafadhali, chai ipikwe na vijana, ili akina nyanya wakae mbele waongee.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Kila mwanakikundi aulize mtu mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 maswali matatu ya Hatua ya 2 na kuleta majibu kwa maandishi.
2. Watu wawili wachaguliwe kwenda ofisi ya ardhi. Kikundi kikubaliane juu ya nauli yao leo, si kesho.
3. Karani anunue daftari. Ukurasa wa kwanza aandike jina la shule kama wenyeji walivyoliita, si jina la barua tu.
4. Kila mmoja atafute mkebe, sanduku au mkoba wa zamani nyumbani kwao na aulize kilichomo kabla hakijatupwa.

Yule nyanya wa kisa chetu bado yuko. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinionyesha ule mkebe tena, akanisomea risiti moja moja ingawa macho yake sasa ni hafifu. Anazijua kwa kichwa: hii ya mume wangu, hii ya mama mkwe, hii yangu mwenyewe, niliuza kuku wawili. Kikundi kimeshapiga picha risiti zote. Jina lake limo katika daftari, na hao kuku wawili wamo.

Nawatakia kazi njema.